Kijani Alichokiona Dorothea

Saa mbili na nusu asubuhi Inspekta Daudi alilisukuma faili mezani kama mtu anayesukuma sahani ya ugali uliopoa.

"Joel anakwenda mahakamani leo saa nane," alisema. "Andaa hati niweke sahihi."

Sajini Methusela Ndahani hakuligusa faili. Alikuwa na miaka hamsini na sita, thelathini na moja kati ya hiyo akiwa polisi, na cheo chake kilisimama zamani, hata yeye alishasahau kilisimamia wapi. Inspekta alikuwa na miaka thelathini na mbili na shahada ya chuo kikuu. Umri sawa kabisa na wa kifungua mimba wa Methusela. Lakini kazini anayepiga saluti ni yule aliyepangiwa kupiga, hata kama magoti yanamuuma.

"Afande, kuna kitu kimebaki kwenye bahasha."

"Kitu gani?"

Methusela alikidondosha juu ya karatasi nyeupe. Kipande cha rangi ya gari, kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Bluu.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, Elisha, mkulima wa zabibu, aligongwa na pikapu kwenye barabara ya Ihumwa akipeleka kreti la zabibu kwa baiskeli. Dereva hakusimama. Elisha alilala pembeni ya barabara saa moja na nusu kwa sababu gari la wagonjwa, waliambiwa, halina mafuta. Alikufa kabla mafuta hayajapatikana. Aliyeona alikuwa mtu mmoja tu, Dorothea, fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazama barabara. Aliandikisha kwamba ni pikapu ya kijani yenye mstari wa njano ubavuni. Na Ihumwa nzima pikapu ya namna hiyo ni moja, ya Joel, anayewauzia watu maji kwa mapipa. Joel alikubali kwamba asubuhi ile alipita barabara ile. Bampa lake limepinda. Na polisi walipofika kwake siku ya pili, alitimua mbio.

"Hiki nilikitoa kwenye keria ya baiskeli," Methusela alisema. "Kilibanwa pale pale chuma kilipopindishwa."

"Baiskeli inagusa vitu vingi. Makreti, mageti, ndoo."

"Hiyo ni rangi ya gari, afande. Imepigwa kwa mashine."

"Sajini." Inspekta aliegemea kiti. "Shahidi kaona kijani. Mtuhumiwa ana gari la kijani. Mstari wa njano, upo. Kukimbia, kakimbia. Unataka nini tena, upinde wa mvua? Makao makuu wananipigia kila asubuhi wanaulizia faili hili."

Wanaulizia faili. Marehemu hawamuulizii.

"Nipe mpaka saa nane."

"Gari limempeleka mkuu kikaoni."

Gari la upelelezi la kituo kile lilikuwa limepeleleza vikao vyote vya Dodoma, hakuna lilichobakisha.

"Nitapanda bajaji," alisema Methusela.

"Kwa nauli yako."

"Kama siku zote, afande."

Mahabusu palikuwa na joto la tanuri. Joel alisimama alipomwona. Kijana wa miaka ishirini na minane, mabega ya mtu aliyebeba maji maisha yake yote.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Gari lako kabla ya kijani lilikuwa rangi gani?"

Joel alitazama chini. Akakaa kimya muda mrefu, na Methusela hakumsaidia.

"Nyeupe," alisema mwishoni.

"Mbona umefikiri sana?"

"Kwa sababu kila ninachojibu humu kinageuzwa."

"Nikikwangua nikakuta rangi isiyo nyeupe chini yake, mimi na wewe tumemalizana."

"Kwangua, afande. Nililinunua mnadani, jeupe. Kijani na njano nimeweka mwenyewe. Rangi za timu yangu, Wananchi."

"Mimi ni wa wapinzani wenu, Msimbazi," alisema Methusela. "Lakini sijakuweka ndani kwa hilo. Ulikimbia kwa nini?"

"Leseni. Imeisha tangu mwezi wa tatu."

"Basi?"

"Basi tu, afande. Nilidhani wamefuata leseni."

Methusela alitoka kwenda uani ilikoegeshwa pikapu. Alichuchumaa, magoti yakalia, akatoa wembe. Alikwangua sehemu nne: mlango, boneti, ukingo wa nyuma, chini ya taa. Kila mahali hadithi ilikuwa moja. Kijani, nyeupe, chuma. Kisha akalikagua bampa. Ndani ya mkunjo kulikuwa na kutu nyekundu iliyokomaa, na juu ya kutu tope lililokauka. Masika yalikuwa yamekwisha miezi mitatu iliyopita. Bampa lile lilipinda kabla ya Jumanne, tena zamani.

Kulibaki jambo moja tu la kumfunga Joel, na lilikuwa kubwa. Dorothea hakuwa mwongo. Kila mtu Ihumwa alisema hivyo. Ni mzee wa kanisa, hadaiwi kitambaa cha mtu. Mtu kama huyo akisema kijani, hakimu anaandika kijani.

Sasa, kijani kinaweza kugeuka bluu?

Kwa swali hilo hakwenda makao makuu. Alikwenda duka la rangi mjini, kwa Reshma, mwanamke aliyezaliwa nyuma ya kaunta ile ile aliyosimama nyuma yake.

"Karibu, Sajini! Mmekuja kupaka kituo rangi?"

"Hatujapata fungu."

"Fungu hilo nalisikia tangu enzi za baba yangu. Leta shida yako."

Methusela aliweka bahasha mezani. Reshma alikiinua kipande kwa kibanio, akakivutia lenzi.

"Nataka kujua kama hiki kiliwahi kuwa kijani," alisema Methusela.

"Swali zuri. Nani kakufundisha?"

"Wasiwasi."

Reshma alicheka, kisha akaacha kucheka, maana aliona mwenzake hachezi. "Sikiliza. Kijani kiko cha aina nyingi. Kuna kijani cha unga wake mwenyewe, unachimbwa au unapikwa na madini, huo hata jua la Dodoma halina habari nao. Na kuna kijani cha kuchanganya, bluu na njano. Hicho ndicho rahisi, na ndicho kinacholeta ugomvi. Jua linakula njano kwanza. Mtu anapaka geti kijani, miaka mitatu baadaye anakuja kunigombeza kwamba nimemuuzia bluu."

Methusela aliisogelea kaunta. "Kwa hiyo hiki kinaweza kuwa kijani kilicholiwa na jua."

"Ngoja." Alichukua wembe, akakipasua kipande ubavuni kwa mkono uliotulia kama wa mshona majeraha. "Jua linakula juu tu. Ndani njano ingebaki. Tazama mwenyewe."

Methusela alitazama. Ndani kulikuwa bluu, bluu ile ile ya anga, na chini yake utando wa kijivu wa kiwandani.

"Hii imezaliwa bluu," alisema Reshma. "Gari lenyewe halijapakwa upya."

"Na shahidi wangu kaona kijani mchana kweupe."

"Ana macho mazima?"

"Anatunga uzi kwenye sindano bila miwani."

Reshma alifungua droo, akatoa unyoya mdogo wa kijani uliofungwa kwenye karatasi. "Mteja mmoja kaniletea huu, anataka ukuta wa sebule ufanane nao. Ni wa kasuku wadogo, hawa wa porini wenye shingo ya njano. Nimemchanganyia mara tano, rangi haiji. Nikampigia ndugu yangu Imran, anafundisha fizikia. Akanicheka. Anasema ndege huyu hana rangi ya kijani hata chembe."

"Si hii hapa kijani?"

"Jani ukilisaga unapata kijani mkononi. Unyoya huu ukiusaga unapata vumbi la kahawia. Ndani yake kuna vijitundu vinavyorudisha mwanga wa bluu, na juu yake kuna rangi ya njano. Bluu inatoka ndani, inapita kwenye njano, inakufikia wewe ikiwa kijani." Aliuinua unyoya dirishani, mwanga ukapita kutoka nyuma. Kijani kilitoweka. Ukabaki unyoya wa manjano machafu kama jani la tumbaku.

Methusela aliuangalia kwa muda. Kisha akaomba kitabu cha sampuli za rangi, kile chenye vikadi.

"Utarudisha?"

"Kabla ya saa nane."

"Polisi wote wanasema hivyo," alisema Reshma, lakini alimpa.

Saa tano na nusu bajaji ilimshusha Ihumwa. Kibanda cha Dorothea kilikuwa cha mbao, na upande wote unaotazama barabara aliufunika kwa nailoni angavu ya njano, kutoka juu mpaka kwenye meza ya cherehani. Ndani mlikuwa na watu wawili. Dorothea kwenye cherehani, na pembeni yake, kwenye kigoda, mwanamke mwenye khanga kichwani aliyeshika mikono yake kama mtu anayesubiri kuitwa. Methusela alimfahamu. Emiliana, mjane wa Elisha.

"Hodi humu."

"Karibu, afande. Shikamoo."

"Marahaba, fundi. Mama, pole sana."

"Nimeshapoa," alisema Emiliana, ingawa uso wake ulisema mengine. "Leo ndiyo anapelekwa?"

"Saa nane."

"Mnisamehe kuuliza. Nikikaa nyumbani naona baiskeli, kwa hiyo nakaa hapa. Hospitali niliuliza maswali, nikaambiwa nisubiri. Kwa mtendaji nikaambiwa nisubiri. Huyu peke yake ndiye hakuniambia nisubiri. Aliona, akasema."

Dorothea aliinama zaidi juu ya kitambaa. Alikuwa anashona nguo za ndugu kwa ajili ya kumaliza msiba, vitenge vya bluu vya familia nzima. Methusela alikaa kwenye benchi.

"Fundi, nieleze tena. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulitoka lini nje?"

"Niliposikia kishindo. Lakini mpaka nizunguke mlango, gari limekwenda. Nimekuta vumbi, na Elisha, na zabibu zimetapakaa."

"Kwa hiyo gari uliliona ukiwa kwenye kiti hicho."

"Ndiyo, afande. Mbona nimeandikisha yote? Pikapu ya kijani, mstari wa njano. Naweza kuapa."

"Najua unaweza."

Uzi wa cherehani ukakatika. Dorothea alivuta boksi, akachagua rola mbili za uzi, akainuka na kipande cha kitenge, akatoka nje juani. Alisimama katikati ya uwanja, akalaza uzi mmoja juu ya kitambaa, kisha wa pili, akatikisa kichwa, akarudi na ule wa kwanza.

"Unatafuta nini nje?" aliuliza Methusela.

"Uzi unaofanana."

"Humu hakuna mwanga?"

"Mwanga upo, ila humu uzi siuchagui. Mafundi wote wa hapa tunatoka nao nje. Hii nailoni tumeweka jua lisile vitambaa vya wateja, lakini inaharibu macho. Juzi nimemshonea mtu sketi ya bluu kwa uzi wa..."

Mkono ulikuwa umeshapitisha uzi nusu ya tundu la sindano, ukabaki hapo hapo.

"Wa rangi gani?" Methusela aliuliza taratibu.

"Kijani," alisema Dorothea.

Barabarani ilipita pikipiki yenye mzigo wa mkaa.

"Kaa kama ulivyokuwa umekaa siku ile," alisema Methusela. "Usitoke mpaka nikuite."

Alitoka, akavuka mpaka ukingo wa lami, hatua kumi na nane, alizihesabu. Alifungua kitabu cha Reshma, akachomoa kadi ya bluu ya anga, akabandika juu yake ukanda wa kadi nyeupe, akainyanyua kifuani.

"Unaona nini?"

Sauti ya Dorothea ilitoka nyuma ya nailoni. "Kijani. Kijani na mstari wa njano."

Aliibadilisha. Sasa ilikuwa kadi ya kijani yenye ukanda wa njano, rangi za gari la Joel. Ilibidi ajaribu na hiyo, maana mpelelezi anayejaribu upande anaoupenda tu hana tofauti na inspekta wake.

"Na hii?"

"Kijani. Mstari wa njano. Afande, zote ni moja."

"Rudisha macho vizuri."

"Zote ni moja! Sioni tofauti."

"Toka."

Dorothea alitoka, Emiliana nyuma yake. Methusela aliziinua kadi zote mbili juani, moja kila mkono. Bluu na nyeupe. Kijani na njano. Hata mtoto wa chekechea asingezichanganya.

Dorothea alikaa chini kwenye vumbi, pale pale, na sketi yake safi.

"Nimemfunga mtoto wa watu," alisema.

"Hukudanganya. Ulichokiona ndicho ulichosema."

"Kwa uzi najua! Miaka miwili natoka na uzi nje. Nafunzwa na nani? Naujua mwenyewe! Gari sikuliwaza."

"Uzi unaushika mkononi unaupeleka juani. Gari halikukupa nafasi hiyo."

"Usinipambe, afande." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akamgeukia mjane. "Mama Emiliana. Mimi ndiye niliyekuambia tumempata."

Emiliana alisimama akizitazama kadi. Methusela alikuwa amewaambia wajane wengi mambo mengi mabaya, lakini hili hakujua linaanziwa wapi. Kumpa mtu jina la aliyemuua mumewe, halafu kumnyang'anya.

"Kwa hiyo aliyemgonga yuko nje," alisema Emiliana. "Anaendesha."

"Ndiyo, mama. Gari la bluu, mstari mweupe. Rangi yake imebaki kwenye baiskeli ya Elisha."

"Na mliijua hiyo rangi tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Na kijana wa watu bado yuko ndani."

Methusela angeweza kusema wakubwa hawakutaka kusikia. Lingekuwa kweli, lakini lisingekuwa jibu.

Emiliana alimshika Dorothea kwapani, akamwinua, akamkung'uta vumbi mgongoni. "Inuka. Tutalia baadaye. Saa ngapi sasa?"

"Saa sita na dakika ishirini," alisema Methusela.

"Bajaji inachukua watatu."

Saa saba na nusu Inspekta Daudi alikuwa amesimama mlangoni, hati mkononi, akimtafuta Sajini wake. Alichokipata ni Sajini na wanawake wawili. Methusela alipiga saluti, akaeleza kwa mpangilio: bampa lenye kutu ya zamani, nyeupe chini ya kijani, kipande kilichozaliwa bluu, hatua kumi na nane, kadi mbili. Hakuongeza chumvi. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho, na hilo tuliandike, maana si wakubwa wengi wanaosikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alimwambia Dorothea, "maelezo ya kwanza umeyawekea sahihi."

"Nayawekea na haya."

"Mahakamani watakuuliza uliongopa lini, mara ya kwanza au ya pili."

"Nitawaambia waje wakae kwenye cherehani yangu. Hata hakimu aje."

Inspekta alipangusa paji la uso. "Sajini, hujui unaniweka wapi. Nimeshawaambia juu kwamba mtu amepatikana. Nikimtoa, wakubwa wataniuliza."

"Wakubwa wako huko juu," alisema Emiliana. Hakupandisha sauti. "Mimi niko hapa mbele yako. Aliyekufa ni wangu. Kama mnamweka huyu kijana ndani kwa ajili yangu, mimi simtaki humo. Asilale humu usiku mwingine kwa jina la Elisha."

Inspekta alimtazama, kisha akatazama kadi mbili zilizokuwa juu ya meza ya mapokezi, moja kando ya nyingine. Alivuta kiti. Aliandika dhamana ya polisi kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akalitupa faili kwa Methusela.

"Andika maelezo mapya ya shahidi. Hatua kumi na nane, weka. Kila kitu weka."

Methusela alizirudisha kadi ndani ya kitabu cha Reshma. Joel alitolewa akiwa ameshika mkanda na viatu mkononi. Hakuwa anaamini. Alitazama mlango, akatazama askari, kisha akamwona Emiliana, akasimama. Alivaa viatu kwanza. Ndipo akamsogelea, akapiga goti nusu.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba. Nilikuwa humu ndani, sikuweza kuja kuzika."

Emiliana alimpokea mkono kwa mikono yake miwili, na machozi aliyoyazuia tangu Ihumwa yakashuka. "Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Sisi ndio tukupe pole."

Dorothea alimshika kijana bega.

"Limebaki moja," Methusela alimwambia Joel. "Siyo la kukukamata. Wewe barabara ile unaipita kila siku. Kuna gari la bluu unalolifahamu?"

"Pikapu?" Joel aliuliza. "Yenye mstari mweupe ubavuni?"

Methusela alimgeukia Inspekta, na Inspekta alikuwa ameshainuka. Mstari mweupe hakuna mtu aliyemtajia Joel.

"Umelionea wapi?"

"Nilipishana nalo asubuhi ile ile, Jumanne. Karibu linisukume bondeni na mapipa yangu. Na dereva namfahamu kwa sura, ananunua maji kwangu."

"Siku sita uko humu!" Inspekta alipiga meza. "Kwa nini hukusema?"

Joel aliutazama mkanda wake, akaanza kuupitisha kiunoni, tundu moja baada ya jingine.

"Mliniambia mnatafuta la kijani, afande," alisema. "La bluu hakuna aliyeniuliza."